Binti Asipoona Siku Zake, Tusimhukumu Haraka



Mwaka mmoja, binti wa darasa la sita la sekondari alimwambia mwalimu mwenzetu kwamba hajaona siku zake tangu miezi minne. Alikuwa amenenepa kidogo. Sisi walimu tulifikiri ni mimba, tukamwita mama yake. Mama alikasirika, akamfukuza nyumbani. Hospitalini, kipimo kilionyesha hana mimba. Mganga alipoendelea kumpima alikuta ugonjwa ambao kwa Kifaransa unaitwa SOPK. Tulimwomba binti msamaha, lakini wiki tatu za masomo zilikuwa zimepotea, na Exetat ilikuwa karibu.

Ugonjwa huu ni nini? Ni homoni zilizopoteza usawa. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zinazidi, na yai halikomai wala kutoka kila mwezi. Ndiyo sababu siku zinaruka. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba unawapata wanawake 10 hadi 13 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa, na wengi hawajui kama wanao. Si uchawi, wala si matokeo ya tabia mbaya.

Nani yuko katika hatari zaidi? Ni binti ambaye mama yake au dada yake anao, au ambaye katika jamaa yao kuna ugonjwa wa sukari. Unene unauzidisha. Mwanafunzi anayekaa kutwa nzima, akila mandazi na kunywa vinywaji vya sukari, anajiongezea mzigo. Lakini hata binti mwembamba anaweza kuupata.

Tuangalie dalili gani? Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, siku kuruka ni kawaida. Lakini ikiwa miaka mitatu imepita na siku bado zinachelewa kupita siku 35, au ikiwa miezi mitatu imepita bila damu, tumpeleke kituo cha afya. Tuangalie pia ndevu kidevuni, nywele nyingi kifuani, na chunusi kali zisizokwisha.

Kule watapima mimba kwanza; hilo ni jambo la kawaida, si tusi. Kisha watapima damu. Kwa msichana mdogo, ekografi peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa huu.

Hakuna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini unatulizwa. Kutembea kwa miguu, kucheza mpira, kula mboga, maharagwe na samaki, kupunguza sukari: hayo yanasaidia sana. Mara nyingine mganga ataandika vidonge vile vya kupanga uzazi ili kurekebisha siku. Mama asivitupe akidhani mtoto anafundishwa uzinzi. Hapo vidonge ni dawa.

Tukiuacha bila kuutunza, unaweza kuleta ugonjwa wa sukari, shida ya kupata mimba, na baadaye hata kansa ya mfuko wa uzazi. Lakini tusimwite binti huyo tasa. Wengi wanazaa, wengine kwa msaada wa mganga. Naye asijidanganye: hata siku zikiruka, mimba inaweza kuingia.

Wamama, jioni ya leo tumwulize binti yetu, kwa sauti ya upole, siku zake zinaendaje. Tuandike tarehe pamoja katika kalenda ya ukutani. Binti asiyeogopa kumwambia mama yake atafika kwa mganga mapema.