Ijumaa ya Kamatakamata: Kenya na Bei ya Kusema Mtandaoni

Ijumaa ya Mei 30, 2025, polisi walimkamata Rose Njeri, mtaalamu wa programu za kompyuta, jijini Nairobi. Hakuwa ameiba, hakuwa amempiga mtu. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa mtandao wenye kazi moja tu: mwananchi akibonyeza, barua pepe ya kupinga vipengele fulani vya Mswada wa Fedha wa 2025 inakwenda bungeni, kwa karani na kwa kamati ya fedha.

Siku ya kukamatwa ina maana yake. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama zimefungwa, polisi wana ruhusa ya kusubiri hadi siku ya kazi inayofuata. Jumapili ya Juni 1 ilikuwa Sikukuu ya Madaraka, na Jumatatu ikawa mapumziko. Njeri alifikishwa katika mahakama ya Milimani Jumanne. Wakenya wamezoea mtindo huu kiasi cha kuupa jina: Ijumaa ya kamatakamata.

Alishtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Juni 20, mahakama iliyatupa mashtaka hayo kwa sababu hati yenyewe haikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria. Alishinda kesi, naam, lakini zile siku za rumande alikuwa amekwisha kuzitumikia. Katika Kenya ya leo, anayesema mtandaoni huadhibiwa kabla hajafika kwa hakimu. Kukamatwa ndiko hukumu.

Wala si kwamba majaji hawajasema. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichotumiwa kuwanasa wanablogu kwa "matumizi mabaya" ya vifaa vya mawasiliano. Februari 2017 ikaondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai. Aliyechafuliwa jina aende kudai fidia, asimpeleke mwenzake jela. Miezi miwili baadaye ikafuta kosa la kudhalilisha mamlaka ya mtumishi wa umma, baada ya mwanablogu Robert Alai kushtakiwa kwa maneno aliyoandika kumhusu rais. Hukumu tatu katika muda wa takriban mwaka mmoja, na zote zikirudi kwenye kifungu cha 33 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa kujieleza. Anayeshika cheo cha umma amekubali kusemwa.

Nguvu ya kusema mtandaoni ilionekana Juni 2024. Serikali ilikuwa imependekeza ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 wa kila mwaka kwa magari. Vijana walieleza mswada wa fedha wa mwaka huo kwenye TikTok kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, nao "wakasalimiwa" kwa maelfu ya ujumbe mfupi. Maandamano yalipoanza Juni 18, kodi ya mkate na ya magari iliondolewa siku hiyo hiyo.

Wiki moja baadaye, Juni 25, wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106 walioupinga. Waandamanaji wakaingia bungeni, sehemu ya jengo ikashika moto, risasi zikarindima. Jioni hiyo intaneti ilisuasua nchi nzima, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kuahidi kwamba haitazimwa. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada. Bei iliyolipwa ilikuwa ya damu: Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Hadi Desemba ilikuwa imenakili visa 82 vya watu kutekwa au kutoweka. Miongoni mwao walikuwemo vijana waliochora au kusambaza vibonzo vya rais.

Kisha ikaja habari ya Albert Ojwang.

Ojwang alikuwa mwalimu na mwanablogu. Jumamosi ya Juni 7, 2025, alichukuliwa nyumbani kwao kaunti ya Homa Bay, baba yake akishuhudia, akasafirishwa kwa gari hadi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kosa lililotajwa ni maandishi katika mtandao wa X yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat, ambaye ndiye aliyelalamika. Usiku alifungiwa katika Kituo cha Polisi cha Central. Hakuiona asubuhi akiwa hai.

Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulisema mengine: jeraha la kichwa, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengi mwilini, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia. Inspekta Jenerali Douglas Kanja alilazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa maelezo yale ya kwanza. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ikawaeleza maseneta kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Lagat aliondoka ofisini kupisha uchunguzi, hakushtakiwa. Watu sita, mkuu wa kituo akiwamo, walishtakiwa kwa mauaji na wakakana.

Hata kama maneno ya Ojwang yangekuwa ya uongo mtupu, mahali pake palikuwa mahakama ya madai.

Juni 17, vijana walipoandamana kudai haki ya Ojwang, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na afisa wa polisi aliyekuwa karibu naye kabisa, katikati ya Nairobi. Hakuwa mwandamanaji, alikuwa kazini na barakoa zake mkononi. Alifariki mwishoni mwa mwezi. Video ilinasa tukio hilo, na afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Bila video ile, pengine taarifa rasmi ingezungumzia risasi iliyopotea.

Ndiyo maana kamera inaogopwa. Juni 25, 2025, kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu waandamanaji waingie bungeni, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru redio na televisheni ziache kutangaza maandamano moja kwa moja, na mitambo ya vituo vilivyokaidi ikazimwa. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo. Mahakama hiyo ilikuwa pia imeagiza, Agosti 2024, kwamba polisi wanaokabili maandamano wavae sare na watambulike. Mwaka uliofuata Wakenya bado waliwaona maafisa waliofunika nyuso na magari yasiyojulikana.

Serikali ina hoja yake, na ni haki kuisikiliza. Maduka yaliporwa, vituo vya polisi vilichomwa, maafisa walijeruhiwa. Mama mboga aliyevunjiwa kibanda ana haki ya kulindwa kama aliyebeba bango. Kifungu cha 37 chenyewe kinalinda maandamano ya amani, bila silaha. Lakini mwizi ana dawa yake kisheria: kukamatwa na kushtakiwa. Waziri wa Usalama Kipchumba Murkomen alitamka kwamba anayekikaribia kituo cha polisi kwa nia mbaya apigwe risasi, na rais mwenyewe akasema wanaochoma biashara wapigwe risasi za miguu. Maneno kama hayo humfikia askari mwenye bunduki kama amri.

Oktoba 15, 2025, rais alitia saini marekebisho ya ile sheria ya mitandao iliyotumiwa dhidi ya Njeri. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu cha 27, kinachohusu unyanyasaji mtandaoni na kubeba adhabu ya hadi Sh20 milioni au miaka 10 jela. Tena raia walilazimika kukimbilia kortini kuokoa haki ambayo Katiba iliwapa tangu 2010.

Bunge lina wajibu wa kuandika sheria inayotaja kosa waziwazi, ili lawama dhidi ya kiongozi isigeuzwe jinai. Inspekta Jenerali anapaswa kuhakikisha kila afisa anayetumwa barabarani ana sare na nambari inayosomeka, na kukomesha kamatakamata za Ijumaa kwa makosa ya maneno. Na raia ajue hili: Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka anayeandaa maandamano ampe mkuu wa kituo taarifa, kati ya siku 3 na 14 kabla. Inataka taarifa. Haimtaki aombe ruhusa.