Wosia na Amana kwa Mwenye Shamba Keroka na Makazi Ughaibuni

Mji wa Keroka, ulioko kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Sotik, umekatwa na mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Na wengi wa watoto wake waliohamia Minnesota wamekatika vivyo hivyo, kwani kazi na watoto wao wako Marekani, ilhali shamba, makaburi ya wazee na nyumba ya mawe waliyoijenga kwa fedha za kila mwezi vyote viko nyumbani.

Mtu wa namna hii akifariki bila ya wosia, ardhi yake haiwi katika hiari ya wazee wa ukoo kama wengi wanavyodhani, bali huingia chini ya Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo humpa mke au mume aliyesalia haki ya kuitumia mali maishani mwake, kisha watoto hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Na marehemu akiwa ameacha wake kadhaa, mali hutaksimiwa kwa nyumba kwa kadiri ya watoto wa kila nyumba, na kila mke huhesabiwa kichwa kimoja zaidi.

Wosia wa maandishi unataka mtu mzima mwenye akili timamu, saini yake, na mashahidi wawili wasiopungua walioiona saini hiyo ikitiwa au waliosikia mwenyewe akiikiri; na shahidi aliyeachiwa kitu, au aliye mume au mke wa aliyeachiwa, huibatilisha zawadi hiyo, isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili wasio na sehemu. Wosia wa mdomo pia huswihi mbele ya mashahidi wawili, lakini kwa sharti kwamba msemaji afariki katika muda wa miezi mitatu. Basi maneno aliyoyatamka mtu mbele ya jamaa katika likizo ya Desemba, kisha akarejea Minneapolis akaishi miaka kumi, hayana nguvu yoyote. Kadhalika ndoa huufuta wosia uliotangulia, ila ule ulioandikwa kwa kuikusudia ndoa yenyewe.

Ama kuhusu mipaka ya nchi, ardhi iliyoko Kenya hufuata sheria ya Kenya popote alipofia mwenyewe, na mali inayohamishika hufuata sheria ya nchi ya makazi yake ya kudumu. Wosia ulioandikwa Marekani kwa taratibu za huko waweza kukubaliwa, walakini idhini ya kuusimamia urithi wa shamba sharti itoke katika mahakama ya Kenya. Kwa sababu hiyo wapo waandikao nyosia mbili, mmoja kwa kila nchi. Na hao wajihadhari na ile ibara ya mwanzo ifutayo nyosia zote zilizopita, maana wa pili waweza kuuua wa kwanza pasipo mwandishi kukusudia.

Lakini mtu hausii kisicho chake, na hapa ndipo penye mashaka makubwa kuliko yote. Aghalabu nyumba ya mawe imesimama juu ya shamba ambalo hati yake ingali na jina la babu aliyefariki zamani, na kesi ya urithi, ile watu waiitayo sakseseni, haikufunguliwa kamwe. Mjenzi alionyeshwa kipande chake na baba kwa kidole na mpaka wa miti, naye akatumia akiba yake yote juu ya ardhi ambayo sajili haimtambui kuwa ni mwenyewe; wosia wake, hata ukiandikwa na wakili hodari, hauwezi kumpa mwanawe zaidi ya madai.

Amana ni njia nyingine. Mwenye mali humkabidhi mdhamini mali hiyo aishike kwa manufaa ya watu waliotajwa katika hati, jambo ambalo watu wa pwani hawalioni geni kwa kuzoea wakfu. Na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliitambua waziwazi amana ya familia, iwe imeundwa mtu akiwa hai au kwa wosia. Inafaa hasa kwa watoto wadogo, kwa mtoto mlemavu atakayehitaji matunzo maisha yake yote, na kwa shamba dogo au vyumba vya kupangisha ambavyo vikigawanywa havimfai yeyote. Hata hivyo amana ambayo hati ya ardhi haikuhamishwa kwa wadhamini ni karatasi tupu. Mdhamini sharti awe mwaminifu, na mmoja angalau awe anaishi karibu na shamba. Wala mtu asitumie wosia kumtupa mke au mtoto, kwa kuwa mahakama ina uwezo wa kuwatengea wategemezi fungu la haki.

Basi kazi ianzie katika sajili ya ardhi, kujua jina lililoandikwa. Ifuate mirathi ya babu, ambayo, ikiwa thamani yake imo katika mipaka ya hakimu, husikizwa papo hapo katika Mahakama ya Keroka. Kisha ndipo wosia na amana. Anayengoja hapunguzi gharama, kwa sababu kila mwana wa babu anayefariki kabla ya mirathi kufunguliwa huacha watoto wake mahali pake, na jambo lililotaka ridhaa ya ndugu watano hufika siku likataka ya binamu thelathini waliotawanyika katika nchi nne.