Kuanzia Mwisho: Sataranji Niliyoielewa kwa Kuieleza

Likizo iliyopita, Sandoa, nilicheza sataranji na mdogo wangu barazani, juu ya ubao tuliouchora kwenye katoni. Kete tatu tu ndizo zilizobaki: mfalme wake, mfalme wangu na askari wangu mmoja. Niliamini nimeshinda. Baada ya hatua chache tulitoka sare, naye akauliza: «Yaya, juu ya nini umeshindwa kushinda?» Nikamjibu kwa neno nililolisoma katika vitabu vya Kifaransa: alikuwa na «opposition». Akataka kujua maana yake. Nikakaa kimya.

Kumbe kwa miaka kadhaa nilikuwa na neno bila kuwa na kitu chenyewe. Sisi wanafunzi wa lugha tunaujua ugonjwa huo. Tunataja istilahi katika mtihani, lakini mtu wa nyumbani akituuliza maana yake, ulimi unakwama. Siku zilizofuata nilijilazimisha kumweleza mdogo wangu mchezo mzima kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipoanza kuboresha uchezaji wangu, na hapa naeleza tulivyofanya.

Tulianza na mwisho. Njia hii si yangu. José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alitoa mwaka 1921 kitabu cha misingi ya mchezo, na humo anamwonyesha msomaji mapema namna ya kumfunga mfalme kwa kete chache na namna ya kumfikisha askari mwisho wa ubao. Sababu yake inaeleweka: kete zikiwa chache, kila moja inaonyesha wazi kazi yake.

Turudi kwenye ubao wetu wa katoni. Safu zake nane zina herufi a hadi h, na mistari yake nane ina nambari 1 hadi 8. Mfalme wangu alikuwa e4, askari wangu e3 mgongoni mwake, na mfalme mweusi e6. Wafalme walitazamana, mraba mmoja tu kati yao. Kwa kuwa wafalme hawaruhusiwi kugusana, kila mmoja anamzuia mwenzake kupita. Anayelazimika kusogea ndiye anayeachia njia, na zamu ilikuwa yangu. Nikienda d4, yeye huenda d6. Nikienda f4, yeye huenda f6. Sikuwa na pa kupita.

Sasa tumrudishe askari yule nyuma mraba mmoja, awe e2, na vingine vyote vibaki vilevile. Zamu bado ni yangu, lakini safari hii namsogeza askari hadi e3, na mfalme mweusi ndiye analazimika kuondoka. Akienda d6, mimi napita f5. Akienda f6, napita d5. Mfalme wangu anatangulia, askari anafuata nyuma yake hadi mstari wa nane, anageuka malkia. Tofauti ya kushinda na kutoka sare ilikuwa hatua moja, ambayo mimi niliitumia mapema bila sababu.

Tulihitaji majina. Kwanza nilijaribu «upinzani», tafsiri ya moja kwa moja. Mdogo wangu alicheka, kwani kwake upinzani ni mambo ya wanasiasa wa Kinshasa. Tukakubaliana kusema «kuzibiana njia», na ile hatua ya askari tukaiita «hatua ya akiba». Tangu siku hiyo sijawahi kuisahau kanuni hiyo, kwa sababu jina lenyewe linasema la kufanya: akiba haitumiwi kabla ya siku ya shida.

Anayejua mwisho anaona katikati ya mchezo kwa macho mapya. Je, nikubali tubadilishane malkia? Zamani nilijibu kwa kubahatisha. Sasa najiuliza: kete hizi zikiondoka, wafalme na askari watakaobaki watampendelea nani? Aliyetangulia kwa kete hupenda kubadilishana kete kubwa na kubaki na askari wake. Aliyeachwa nyuma hupenda askari wapungue, kwa sababu bila askari wa kugeuka malkia mara nyingi mpinzani hawezi kushinda. Tena askari harudi nyuma. Kila anaposonga mbele, kuna miraba ambayo hataweza kuilinda tena, na farasi wa adui anaweza kuja kukaa humo kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote tulijiwekea maswali matatu: Mwenzangu anataka nini? Kete yangu ipi haina kazi? Nikimsukuma askari huyu, naacha nini nyuma?

Mwanzo wa mchezo tuliuacha mwishoni, kinyume na desturi ya wengi. Mimi mwenyewe nilianza kwa kukariri mianzo, hatua kumi za huu, kumi na mbili za ule. Nilifanana na mgeni aliyekariri salamu: anajibu vizuri «habari za nyumbani», kisha anaulizwa njia aliyopita, na Kiswahili chake kinaishia hapo. Mpinzani akicheza hatua isiyo kitabuni, nilipotea.

Chukua mwanzo unaoitwa wa Kiitaliano. Weupe wanampeleka askari e4, weusi wanajibu e5. Farasi mweupe anatoka hadi f3, farasi mweusi hadi c6, kisha tembo mweupe anakwenda c4. Unaweza kukariri hayo kwa dakika moja. Lakini eleza sababu zake: askari anashika katikati ya ubao, farasi anamtishia askari wa e5, farasi mweusi anamlinda, tembo anautazama mraba wa f7, ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake. Anayejua sababu hizo ataweza kujibu hata mpinzani akienda kwingine.

Nimesema «tembo», na jina hilo linataka maelezo. Katika Kifaransa kete hiyo huitwa «fou», yaani kichaa, na watoto wa jirani waliposikia hivyo walimchezesha kama kichaa kweli. Historia inasema vingine. Mchezo ulitoka India kwa jina la chaturanga, jeshi la sehemu nne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Ukapitia Uajemi, kisha Waarabu wakauita shatranj, ambako ndiko lilikotoka neno letu sataranji. Tembo wa Waarabu, al-fil, anaishi hadi leo katika Kihispania kama «alfil». Wafaransa walilisikia neno hilo geni, wakalivuta kwenye neno walilokuwa nalo, na mnyama akageuka kichaa. Sisi tulimrudishia tu jina lake, ingawa watu wazima waliopita barazani walisema kwao tembo ni kinywaji.

Kuna atakayesema Kiswahili hakina maneno ya mchezo kama huu. Atazame bao la Zanzibar na mwambao, lenye mashimo 32 na kete 64. Wachezaji wake wana namua, hatua ya kuingiza kete. Wana mtaji, hatua inayofuata kete zote zikishaingia. Wana kutakata, nyumba, kichwa na kimbi. Hayo yalitokana na wachezaji kuelezana, sio na kamati. Na huko Katwe, mtaa wa Kampala ambako Robert Katende alifundisha watoto sataranji, Phiona Mutesi alionyeshwa hatua za kwanza na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na akacheza tena ile ya Istanbul mwaka 2012. Mtoto aliyemwonyesha alilazimika kutafuta maneno ambayo mwenzake angeyaelewa.

Basi, msomaji unayetaka kuendelea katika mchezo huu, tafuta mtu asiyeujua, keti naye, mweleze mfalme na askari mmoja kwa lugha ya nyumbani. Pale utakapokwama ndipo pa kusoma tena.

Jioni ya mwisho kabla sijarudi chuoni, mdogo wangu alicheza weupe. Mchezo ulipofika mwisho, askari wake mmoja alikuwa bado e2, hajaguswa. Nilimwona, nikajua kilichokuwa kinanisubiri.