Uwanja Ukifungwa, Klabu Hula Nini? Funzo la Corona kwa Soka Yetu

Njukini, Kaunti Ndogo ya Taveta

Mtu anayepita barabara ya kutoka Taveta kuelekea Illasit na Loitokitok jioni ya Jumamosi huona jambo moja karibu kila kijiji: vijana wamevaa jezi, watoto wamejipanga kando ya uwanja, na kina mama wameweka beseni za mandazi na ndizi mbivu pembeni. Njukini, chini ya Mlima Kilimanjaro, si tofauti. Mpira ni burudani, lakini pia ni soko dogo.

Mwezi Machi 2020 soko hilo lilifungwa. Kisa cha kwanza cha virusi vya corona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi. Ndani ya siku chache mikusanyiko ya watu ilipigwa marufuku, shule zikafungwa na ligi zote zikasimamishwa. Tarehe 27 Machi kafyu ya usiku ikaanza. Tarehe 16 Mei mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa wasafiri, isipokuwa malori ya mizigo, na wakaazi wa Taveta wanakumbuka vizuri ugumu wa siku zile.

Wengi waliona viwanja vikiwa vitupu, lakini ni wachache walioelezwa yaliyotokea ndani ya vitabu vya hesabu vya klabu. Makala haya yanaeleza jinsi kufungwa kwa michezo kulivyotikisa klabu za kulipwa, na kwa nini jambo hilo linaihusu hata timu ndogo ya kijiji.

Pesa za klabu hutoka wapi?

Klabu ya soka ya kulipwa huwa na njia tano za mapato: viingilio vya mashabiki mlangoni, wafadhili, haki za matangazo ya televisheni, mauzo ya wachezaji, na zawadi za mashindano.

Barani Ulaya televisheni ndiyo nguzo kubwa. Ndiyo sababu ligi ya Ujerumani ilirejea haraka, tarehe 16 Mei 2020, na ile ya Uingereza tarehe 17 Juni, ingawa viwanja vilikuwa bila watu. Kila mechi iliyooneshwa ilikuwa na malipo yake. Hata hivyo klabu kubwa ziliumia. Kampuni ya Deloitte ilipopiga hesabu za klabu 20 tajiri zaidi duniani kwa msimu wa 2019/20, iligundua kuwa mapato yao kwa jumla yalishuka kwa asilimia 12 hadi yuro bilioni 8.2. Wachezaji wa Barcelona walikubali kukatwa asilimia 70 ya mishahara wakati wa marufuku.

Kenya hali ni nyingine. Pesa za televisheni ni kidogo, na klabu nyingi hutegemea mfadhili mmoja pamoja na kile kinachokusanywa mlangoni. Njia hizo mbili zikizibwa kwa pamoja, hakuna ya tatu ya kushikilia.

Klabu ziliingia kwenye janga zikiwa tayari zimechoka

Ni muhimu kukumbuka kwamba corona haikukuta klabu za Kenya zikiwa na afya njema. Mwezi Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilisitisha ufadhili wake kufuatia mzozo wa leseni na ushuru. Ligi Kuu ilibaki bila mfadhili mkuu, na Gor Mahia na AFC Leopards zikapoteza nembo iliyokuwa kifuani mwa jezi zao.

Mwezi Novemba 2019 klabu ya SoNy Sugar ilitimuliwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu kwa ukosefu wa fedha. Hiyo ilikuwa miezi minne kabla ya kisa cha kwanza cha corona. Kwa hiyo marufuku ya Machi 2020 ilikuwa kama kumwongezea mzigo mtu ambaye tayari anapanda mlima akihema.

Tarehe 30 Aprili 2020 Shirikisho la Soka Kenya, FKF, lilitangaza kwamba msimu umekwisha na Gor Mahia, iliyokuwa ikiongoza jedwali, ndiyo bingwa. Uamuzi huo ulizua mabishano, lakini kwa upande wa fedha maana yake ilikuwa moja: mechi zilizosalia hazingechezwa, na viingilio vyake havingepatikana.

Mapato husimama, gharama hazisimami

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mkulima wa nyanya asipouza wiki hii, anaweza kupunguza vibarua wiki ijayo. Klabu haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi. Mchezaji ana mkataba wa miaka miwili au mitatu, kocha ana wake, na nyumba za wachezaji zinadai kodi kila mwisho wa mwezi.

Chukua mfano wa hesabu. Klabu ina wachezaji 25, na kila mmoja analipwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Mishahara hiyo peke yake ni shilingi 625,000 kila mwezi, kabla ya kumlipa kocha, daktari wa timu, dereva na mtunza vifaa. Mechi moja ya nyumbani yenye mashabiki 1,000 wanaolipa shilingi 200 huleta shilingi 200,000. Toa kodi ya uwanja, walinzi na gari la wagonjwa, kinachobaki ni kidogo. Ondoa sasa mechi zenyewe kwa miezi minane, na mtu ataona shimo lilivyo refu.

Mwezi Julai 2020 FKF ilitangaza mfadhili mpya wa ligi, BetKing, kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya shilingi bilioni 1.2. Kila klabu ilitarajiwa kupata shilingi milioni 8 kwa mwaka. Zinasikika kuwa nyingi. Lakini milioni 8 zikigawanywa kwa miezi 12 ni takriban shilingi 667,000 kwa mwezi. Katika mfano wetu, hizo zinatosha mishahara ya wachezaji na chenji ya shilingi 42,000. Nauli ya basi kutoka Mombasa hadi Kakamega haimo. Mwaka uliofuata mfadhili huyo naye akajiondoa.

Klabu za kampuni na klabu za wananchi

Maumivu hayakugawanywa sawa. Klabu zinazomilikiwa na taasisi, kama Bandari ya Mombasa iliyo chini ya Halmashauri ya Bandari Kenya, Tusker ya kampuni ya bia, au Ulinzi Stars ya jeshi, zilikuwa na mwajiri nyuma yao. Mshahara haukutegemea tiketi.

Klabu za wananchi, kama Gor Mahia na AFC Leopards, zina mashabiki wengi kuliko zote nchini, na hapo ndipo zilipoumia. Utajiri wao ni watu, na watu ndio waliokatazwa kuingia. Msimu wa 2020/21 ulipoanza mwishoni mwa Novemba 2020, ulichezwa bila mashabiki. Derbi ya Mashemeji, ambayo huwa sikukuu ya mlangoni, haikuleta kiingilio. Juu yake ziliongezeka gharama mpya za vipimo vya corona. Kisha tarehe 26 Machi 2021 michezo ikasimamishwa tena kwa wiki kadhaa.

Hata hivyo, kuwa na mwajiri si kinga kamili. SoNy Sugar ilikuwa klabu ya kiwanda cha sukari. Kiwanda kilipoyumba, timu iliyumba nacho.

Deni huzaa hasara nyingine

Ukosefu wa fedha haukomi kwenye mishahara. Mwezi Desemba 2020 Gor Mahia ilikuwa ikijiandaa kwenda Algeria kukutana na CR Belouizdad katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Maandalizi yalivurugwa na madai ya malipo ya wachezaji. Tarehe 26 Desemba timu ilifungwa mabao 6-0, na hatimaye ikatolewa. Timu iliyoingia hatua ya makundi ya shindano hilo wakati huo ilihakikishiwa angalau dola 550,000 za Marekani. Hakuna anayeweza kuapa kwamba timu iliyolipwa ingeshinda. Lakini timu isiyolipwa huenda vitani ikiwa imefungwa mkono mmoja.

Kuna pia sheria za kimataifa. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya angalau miezi miwili kinyume cha mkataba anaweza kuidai klabu kwa maandishi, akaipa siku 15, na isipolipa akauvunja mkataba. Klabu ikishindwa kesi na bado isilipe, inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji. Deni la mwaka mmoja huwa adhabu ya mwaka mwingine.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka

Wakaazi wa Njukini wanaosikiliza redio za Tanzania waliona tofauti kwa masikio yao. Ligi ya Tanzania ilisimama Machi 2020 kama ya Kenya, lakini ikarejea tarehe 13 Juni, na Simba wakatwaa ubingwa kwa kumaliza mechi zao. Serikali ya huko ilichukua njia tofauti katika kukabiliana na ugonjwa, na njia hiyo ilikosolewa na wataalamu wengi wa afya. Swali la afya ni zito kuliko la fedha. Kwa upande wa hesabu tu, pengo la miezi mitatu na pengo la miezi minane si kitu kimoja.

Je, msaada ulikuja?

Ulikuja, lakini kwa mkondo mrefu. Shirikisho la soka duniani, FIFA, lilitenga dola bilioni 1.5 katika mpango wa dharura wa mwaka 2020. Kila shirikisho mwanachama, likiwemo la Kenya, lilikuwa na haki ya ruzuku ya dola milioni 1, na dola 500,000 zaidi kwa soka ya wanawake. Shirikisho la Afrika, CAF, lilitoa dola 200,000 kwa kila nchi. Pesa hizo hupitia mashirikisho ya kitaifa. Timu isiyo na usajili, akaunti ya benki wala daftari la hesabu ni vigumu kufikiwa na mkondo wa aina hiyo.

Hili linaihusu vipi timu ya kijiji?

Timu ya Njukini haina mishahara ya kulipa, lakini ina nauli, pesa za refa, jezi na mpira wenyewe. Mara nyingi vyote hutegemea mfanyabiashara mmoja mwenye moyo, au mwanasiasa wakati wa uchaguzi. Huo ni ugonjwa uleule wa klabu kubwa, kwa kipimo kidogo. Chini ya Katiba, Jedwali la Nne, michezo na viwanja vyake ni jukumu la kaunti, lakini timu zenyewe ni za wananchi, na uendeshaji wake uko mikononi mwao. Yapo mambo manne ambayo timu yoyote inaweza kuanza nayo:

1. Kujisajili. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka vilabu visajiliwe na Msajili wa Michezo. Cheti hicho ndicho mlango wa ruzuku, ufadhili, na hata Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo.

2. Kuandika kila shilingi. Daftari la mapato na matumizi linalosomwa mbele ya wanachama humpa mfadhili imani, na huzuia ugomvi.

3. Kutotegemea mtu mmoja. Michango midogo ya wanachama 50, hata ya shilingi 50 kwa wiki, ni shilingi 2,500 kwa wiki, au 130,000 kwa mwaka. Sehemu ya pesa hizo iwekwe akiba isiyoguswa ila kwa dharura.

4. Kuwasajili vijana FKF tangu wakiwa wadogo. Hili wengi hawalijui. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka kuanzia 12 hadi 15, timu hupata asilimia 0.25 ya bei. Kuanzia 16 hadi 23, asilimia 0.5. Kijana aliyechezea Njukini kuanzia miaka 12 hadi 15, kisha siku moja akauzwa kwa shilingi milioni 10, angeiletea timu yake ya kwanza shilingi 100,000. Lakini ni lazima jina lake na miaka yake viwe vimesajiliwa. Bila rekodi hakuna cha kudai.

Corona ilipofunga viwanja, klabu zilizobaki zimesimama zilikuwa zile zenye zaidi ya mguu mmoja wa kusimamia. Dharura nyingine inaweza kuja kwa sura tofauti: ukame, mafuriko, au mfadhili kuhamia kwingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msimu huu ambapo mpira unachezwa na watu wako uwanjani ndio wakati wa kuuziba.

Timu zinazotaka maelezo kuhusu usajili zinashauriwa kuanzia kwa msimamizi wa wadi aliye karibu nazo.