Tuielewe Sataranji ya Barua

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mashindano ya kimataifa ni ya watu wa miji mikubwa tu, wenye mtandao wa kasi, umeme usiokatika na nauli ya ndege. Kwa michezo mingi dhana hiyo ina ukweli. Lakini upo mchezo mmoja ambao kijana wa Dakawa, katika Wilaya ya Mvomero, anaweza kushindana na kijana wa Chake Chake, au na mzee wa Ujerumani, bila yeyote kati yao kutoka kwao. Mchezo huo ni sataranji ya barua, ambayo siku hizi huchezwa kwa intaneti. Kwa kuwa ni rahisi kuichanganya na kamari za simu, na kwa kuwa mgeni akiingia bila maelezo hushindwa mapema akakata tamaa, tumeona ni wajibu wetu kuieleza.

Sataranji si jina geni kwetu watu wa pwani. Tumelipokea kutoka kwa Waarabu, nao walilipokea kutoka kwa Waajemi, na asili ya mchezo ni Bara Hindi. Ubao una nyumba 64, na kila upande una kete 16. Katika sataranji ya barua wachezaji hawaketi pamoja. Kila mmoja hutandika ubao wake nyumbani, hufikiri, kisha humpelekea mwenzake hatua moja na kungoja jibu. Kati ya mwaka 1824 na 1828 wachezaji wa London walishindana hivyo na wa Edinburgh kwa njia ya posta, na Edinburgh ikashinda. Mwaka 1951 liliundwa Shirikisho la Kimataifa la Sataranji ya Barua, ICCF, na mwaka 2004 shirikisho hilo lilifungua tovuti ya kuchezea.

Lugha haikuachwa iwe kizuizi. Shirikisho liliipa kila nyumba ya ubao tarakimu mbili: ya kwanza ni safu ya wima, kuanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na ya pili ni mstari wa ulalo kuanzia upande wake. Askari aliye mbele ya mfalme mweupe akisogezwa nyumba mbili, huandikwa 5254, yaani ametoka nyumba ya 52 kwenda nyumba ya 54. Mrusi, Mjapani na Mluguru husoma jambo moja.

Sasa mashindano yenyewe. Mgeni hujiandikisha, kisha hupangwa katika kundi la watu wa kiwango kinachokaribiana na chake. Tuseme kundi lina watu saba na kila wawili hukutana mara moja. Kila mchezaji atakuwa na michezo sita, na yote sita huanza kwa pamoja. Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu, na kushindwa ni sifuri. Wanaoongoza hupata nafasi ya kupanda daraja. Yupo mkurugenzi wa mashindano, naye ndiye anayepokea malalamiko na kuamua.

Jambo linalowaangusha wageni wengi ni saa. Katika ICCF kipimo kilichozoeleka ni siku 50 kwa kila hatua 10. Siku usizozitumia hubaki akiba yako. Lakini zikikwisha kabla hujatimiza hatua hizo, unahesabiwa umeshindwa, hata kama mfalme wa mwenzako alikuwa taabani. Katika Lichess, ambayo ni tovuti isiyotoza chochote, na katika Chess.com, muda hutolewa kwa kila hatua, kwa mfano siku tatu. Zikipita hujajibu, mchezo umekwisha.

Ndiyo maana tunasema mchezo huu unahitaji watu watimizao ahadi. Olimpiadi ya 10 ya sataranji ya barua ilianza mwaka 1987 na kumalizika mwaka 1995. Ujerumani Mashariki, nchi ile iliyosaidia kujenga majumba ya Kikwajuni kule Unguja, ilishika nafasi ya tatu, na Umoja wa Kisovieti ukashika ya kwanza. Wakati huo nchi hizo mbili hazikuwapo tena duniani: ya kwanza iliungana na Ujerumani Magharibi mwaka 1990, na ya pili ilivunjika mwaka 1991. Dola zilikwisha, wachezaji wakaendelea kujibu.

Faida yake kwetu ni ya wazi. Sataranji ya haraka ya mtandaoni humwadhibu mtu ambaye umeme umemkatikia au mnara wa simu umempotea. Sataranji ya barua haimwadhibu. Anayelima mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Dakawa anaweza kushinda shambani mchana kutwa, akafikiri hatua yake jioni, akaipeleka siku ya pili mtandao unaporudi. Mvuvi wa Kojani naye ni hivyo hivyo. Hatua moja kwa siku kadhaa hula sehemu ndogo sana ya kifurushi cha intaneti.

Upo pia mtihani wa uaminifu. Vitabu vya sataranji vinaruhusiwa. Kuhusu programu za kompyuta, kanuni zinatofautiana, na ni lazima mgeni azisome kwanza. ICCF inaziruhusu, na matokeo yake ni kwamba michezo ya fainali zake kubwa karibu yote huishia sare. Lichess na Chess.com zinazikataza, na anayegunduliwa hufungiwa. Kwa anayejifunza, tunashauri aanzie panapokatazwa, maana mwanafunzi anayenakili majibu hatoki darasani na elimu.

Ndugu zetu wa Visiwani watauliza kuhusu dini, na ni haki yao. Katika madhehebu ya Shafii wanavyuoni wengi wameihesabu sataranji kuwa makuruhu, na kwamba huwa haramu ikiingia kamari au ikimpitisha mtu wakati wa Sala. Fatwa tunawaachia wenyewe. Tunachoweza kushuhudia ni kwamba saa ya mchezo huu huhesabu siku, kwa hiyo haimzuii mtu kuitikia adhana. Na ada ya kuingia, katika mashindano yanayoitoza, isichanganywe na dau. Anayeweka dau ameleta mchezo mwingine, naye akataliwe.

Dakawa inajua maana ya kungoja barua. Kuanzia mwaka 1982 wananchi wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya ANC walijenga makazi yao hapa, mbali na jamaa zao, mpaka walipoyakabidhi kwa Serikali yetu mwaka 1992. Katika baadhi ya majengo yale leo kuna chuo cha ufundi cha VETA. Chuo kama hicho, shule zetu za sekondari, na zile za Unguja na Pemba, zinaweza kuanzisha vikundi vya sataranji kwa mbao chache na simu moja ya mwalimu. Maofisa wa elimu na wa michezo hawaombwi fedha nyingi. Wanaombwa wasikitazame kikundi cha namna hiyo kama kijiwe cha wavivu, na wakubali shule ya Bara ikutane na shule ya Visiwani bila kungoja bajeti ya safari.

Na kijana anayeanza leo, aanze na michezo miwili tu. Aliyechukua ishirini kwa pupa hataweza kuijibu yote, na mwenzake wa ng'ambo ya bahari atangoja bure.