Istilahi za Zama za Eosini na Mjusi Asiye Mjusi

Makala haya yanaangazia swali moja: mtafsiri wa Kiswahili ayatendeje majina ya zama za kale za dunia na viumbe wake? Mfano wetu ni Eosini, zama zilizoanza yapata miaka milioni 56 iliyopita na kukoma takriban miaka milioni 33.9 iliyopita.

Jina hili lilitumiwa na Charles Lyell mwaka 1833. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha alfajiri na jingine upya. Upya huo, hata hivyo, haukuwa wa mamalia. Lyell alihesabu makombe yaliyohifadhika katika miamba, akauliza ni spishi ngapi kati ya hizo zingali hai. Za Eosini zilikuwa takriban asilimia 3.5 tu; ndiyo alfajiri yenyewe.

Migawanyo midogo ya Eosini ni minne, na yote imepewa majina ya mahali: Ypres nchini Ubelgiji, Lutetia (jina la kale la Paris), Barton nchini Uingereza na Priabona nchini Italia. Hapa hapana cha kutafsiri, utohozi unatosha.

Ugumu halisi umo katika majina ya wanyama. Mnamo 1834 Richard Harlan alichunguza mifupa mikubwa iliyopatikana Marekani, akadhani ni ya mtambaazi, akamwita mnyama huyo Basilosaurus, yaani mjusi mfalme. Baadaye Richard Owen aliyachunguza meno yake, akabaini kuwa ni mamalia. Kumbe ni nyangumi! Owen alipendekeza jina jingine, lakini kanuni za zoolojia hulipa kipaumbele jina la kwanza, nalo kosa likadumu. Visukuku vya nyangumi huyu vimepatikana pia Wadi al-Hitan, jangwa la Misri lililokuwa bahari. Alikuwa na miguu midogo ya nyuma isiyoweza kuubeba mwili wake, ishara kuwa jadi zake zilitembea nchi kavu. Tafsiri sisisi ingemnyima msomaji habari hii yote na kumwachia mjusi.

Kinyume chake ni Tanzanycteris, aliyepewa jina mwaka 2003 kutokana na kisukuku cha Mahenge, Singida. Huyu twaweza kumwita popo wa Tanzania bila kumpotosha yeyote. Umri wake ni kama miaka milioni 46. Popo wa Singida, basi, yumo katika mgawanyo wenye jina la kale la Paris.