Bomba la haidrojeni likifika Masasi na Newala, nani atalisimamia?

Tanzania haina bomba la kusafirisha haidrojeni. Mabomba makubwa yaliyopo kusini ni ya gesi asilia, na lile la kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam linapita upande wa pwani, kupitia Lindi na Kilwa. Masasi na Newala wanalisikia tu.

Lakini haidrojeni inapigiwa debe duniani kwa sababu ikitumika kama nishati haitoi hewa ukaa. Kenya ilizindua mkakati wake mwaka 2023. Oktoba 2024 Ujerumani iliidhinisha mtandao wa mabomba ya haidrojeni wa kilomita 9,040, ukamilike mwaka 2032. Zaidi ya nusu ni mabomba ya gesi yanayobadilishwa kazi.

Ujerumani yenyewe inasema haitaweza kuzalisha haidrojeni yote inayoihitaji, itanunua nje. Na kusini mwa Tanzania kuna jua, kuna bandari ya Mtwara, na kuna gesi asilia, ambayo pia inaweza kutengenezwa haidrojeni. Kwa hiyo kuuliza mapema si kujitafutia presha.

Bomba lilitangulia, sheria ikafuata

Angalia ilivyokuwa kwenye gesi. Ujenzi wa bomba la Mtwara–Dar ulizinduliwa Novemba 2012. Sera ya Taifa ya Gesi Asilia ikatoka mwaka 2013. Sheria ya Petroli, ambayo ndiyo imeweka wazi nani anasimamia nini, ilipitishwa mwaka 2015, mwaka uleule bomba lilipozinduliwa rasmi.

Katikati hapo ndipo Mtwara ilipowaka. Watu waliuliza gesi inaondoka, wao wanabaki na nini, na majibu yakachelewa. Mei 2013 kulitokea vurugu, watu wakapoteza maisha na mali zikachomwa. Mtu anaweza kubishana kuhusu nani alikuwa na haki. Kigumu kubishia ni kwamba mabomba yalikuwa yanakuja huku kanuni zikiwa bado zinaandikwa.

Kwani sheria ya gesi haitoshi?

Haitoshi, na sababu ya kwanza ni ya kisayansi. Molekuli ya haidrojeni ni ndogo kuliko zote, hivyo inapenya kwenye viungio ambavyo gesi asilia isingepita. Inaweza pia kuingia ndani ya chuma chenyewe na kukifanya kipasuke kirahisi.

Gesi asilia hushika moto ikiwa takriban asilimia 5 hadi 15 ya hewa iliyopo. Haidrojeni ni kuanzia asilimia 4 hadi 75. Na moto wake mchana karibu hauonekani kwa macho. Kubadilisha bomba la gesi kuwa la haidrojeni kunawezekana, lakini ni lazima chuma, viungio na mashine za kusukuma vikaguliwe upya.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Kwa sheria ya 2015, utafutaji na uchimbaji unasimamiwa na PURA. Kuchakata, kusafirisha na kuuza ni kazi ya EWURA, inayotoa leseni, kukagua usalama na kupanga bei. Yote hayo yamejengwa juu ya mafuta na gesi asilia. Haidrojeni inayopatikana kwa kupasua maji kwa umeme haichimbwi kisimani na wala si petroli.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Leseni ya bomba hilo itatolewa kwa sheria ipi? Nauli ya kusafirisha itapangwa na nani? Mzalishaji mwingine akitaka kupitisha mzigo wake kwenye bomba hilohilo, ataruhusiwa?

Umoja wa Ulaya ulijibu swali hilo la mwisho Mei 2024: anayeendesha bomba la haidrojeni atenganishwe na anayeuza haidrojeni, na wengine wafunguliwe njia. Mkulima wa korosho hahitaji kuchorewa. Mwenye ghala akiwa pia ndiye mnunuzi pekee, bei anaipanga yeye. Ndiyo maana kwenye stakabadhi ghalani anayetunza korosho ni mmoja, na wanaoshindana mnadani ni wengine.

Mkuza na mikorosho

Kwa mwananchi wa Nanyamba, Newala au Masasi, sheria ya bomba itamfikia kwanza kupitia mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi unaoachwa wazi bomba linapopita. Ndani ya mkuza hujengi nyumba na huoteshi miti. Mihogo inaweza kurudiwa msimu ujao kwingine. Mkorosho ni hesabu nyingine kabisa: unasubiri miaka kama mitatu ndipo uanze kuzaa, kisha unakulisha kwa miongo.

Ulinzi upo tayari kwenye vitabu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Inahusisha thamani ya ardhi na mazao yaliyopo, na zaidi ya hapo kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea.

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, riba inaanza kuhesabika. Ikipita miaka 2 bila kulipwa, uthamini ule unakufa na kazi inaanza upya. Kwa hiyo ukihesabiwa mikorosho, usisaini tu na kurudi shambani kupulizia salfa. Baki na nakala ya fomu yako yenye tarehe.

Halafu kuna maji

Hili huenda ndilo zito kuliko yote kwa watu wa uwanda wa Makonde. Kutengeneza kilo 1 ya haidrojeni kwa umeme kunahitaji angalau lita 9 za maji safi, kabla ya kuhesabu ya kupoozea mitambo. Kiwanda cha tani 100,000 kwa mwaka kingemeza lita milioni 900.

Newala iko juu na maji yake mengi yako chini. Mradi wa Makonde unayasukuma kutoka bonde la Mitema hadi juu kwenye uwanda, na Masasi wao wanategemea Mbwinji. Kila mwenye ndoo huko anajua pampu ikizima maana yake nini.

Kibali cha kuchukua maji hakitoki EWURA. Kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele ya matumizi mengine. Wenye kiwanda wangeweza kusafisha maji ya bahari badala yake, lakini hiyo ni gharama ya ziada kwao. Mitema na Mbwinji ni maji baridi tayari.